Saa ya mwili imechelewa: mwanga wa asubuhi upigwe saa ngapi hasa?

usiku_mnene
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu akiachwa bila kengele hulala saa 8 usiku na kuamka saa 4 asubuhi. Anataka alale saa 5 usiku, aamke saa 1. Kuwahi kitandani hakusaidii, anagaagaa tu. Kudamka saa 12 na kuota jua nako hakujabadilisha kitu. Kasoro iko wapi? Na vidonge vya melatonini (homoni ambayo mwili hutoa usiku)?

kipimajoto
Kasoro ni hiyo saa 12.

Saa kuu ya mwili ni kifundo cha seli kama 20,000 kwenye haipothalamasi (sehemu ya ubongo), juu kidogo ya makutano ya neva za macho. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo bila mwanga wa kuisahihisha huzidi kuchelewa. Lakini mwanga huohuo unaweza kuiwahisha au kuichelewesha. Joto la mwili hufika chini kabisa takriban masaa mawili hadi matatu kabla ya muda wako wa kuamka wenyewe. Mwanga kabla ya hapo unachelewesha, baada ya hapo unawahisha.

Sasa piga hesabu: wa kuamka saa 4, joto lake liko chini kabisa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi. Jua la saa 12 linamsukuma kulekule anakokukimbia!

Aanzie ilipo saa yake, si anapotaka ifike. Siku mbili za mwanzo atoke nje saa 4, dakika 30 hadi 60, bila miwani ya jua (asilikodolee jua macho). Halafu kengele irudi nusu saa kila baada ya siku moja au mbili. Hatua sita, amefika saa 1. Kukaa sebuleni hakutoshi: taa za ndani hutoa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache tu, wakati nje hata kukiwa na mawingu ni maelfu.

taa_hafifu
Naongezea upande wa jioni, maana wengi wanaharibia hapo. Masaa mawili matatu kabla ya kulala, zima taa za darini, bakiza moja hafifu ya manjano. Seli za retina (utando wa nyuma ya jicho) zinazoiarifu saa ya mwili huitikia zaidi mwanga wa buluu.

Kuhusu kugaagaa: masaa machache kabla ya muda wako wa kawaida wa kulala, saa ya mwili hukuchangamsha kuliko wakati mwingine wowote wa siku. Wa saa 8 akipanda kitandani saa 5, ameingia palepale. Apande akisinzia.

Melatonini hapa ni ishara ya giza zaidi kuliko dawa ya usingizi. Nusu miligramu inatosha, kama masaa matano kabla ya muda anaolala sasa, yaani saa 3 usiku, kisha isogee pamoja na kengele. Kumeza miligramu 5 wakati wa kulala ni kosa la kawaida: kipimo kikubwa, muda mbaya. Mjamzito, mwenye kifafa au anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) amwone daktari kwanza. Usiendeshe gari baada ya kumeza.

Kahawa ya saa 10 jioni, kwa wastani, robo ya kafeini yake bado iko mwilini saa 8 usiku.

usiku_mnene
Asanteni. Na kama kazi inamlazimu aamke saa 12 hata hivyo? Wikendi je?

kipimajoto
Akilazimika, avae miwani myeusi nje hadi kama saa 2, ndipo atafute mwanga. Dereva mwenye usingizi asifanye hivyo. Ikiwezekana aanze zoezi akiwa likizo. Wikendi asichelewe kuamka kwa zaidi ya dakika 60. Jumamosi na Jumapili za kulala hadi saa 4 zinafuta kazi ya wiki nzima, na Jumatatu anaanza upya.

Akishalala masaa yake ya kutosha kwa ratiba mpya na bado anasinzia mchana, au anakoroma na kukatika pumzi, hilo si la saa ya mwili. Akapimwe.