286 yenye RAM ya MB 1: niweke kiolesura gani juu ya DOS?

mwana_ngamiani
Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mashine ni kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 286 ya MHz 12, RAM MB 1 (SIMM, yaani vibao vya kumbukumbu, 4 za KB 256), kadi ya VGA, hadi diski ya MB 40, DOS 5. Printa ni Epson ya sindano 9. Kazi ni barua na matangazo ya madrasa tu, ila nataka nionacho kwenye skrini ndicho kitoke kwenye karatasi. Nimebaki kati ya violesura vitatu vya madirisha: Windows 3.1, GEM na GeoWorks. Ipi itakwenda bila kunigharimu RAM?

fundi_chumbageni
GeoWorks Ensemble, shekhe, tena bila kusita. Ilitoka 1990 ikiwa imetengenezwa ikubali hata prosesa kongwe ya 8088 yenye RAM ya KB 640, kwa hiyo 286 yako kwake ni anasa. RAM ikijaa, inahamishia kilichozidi kwenye kumbukumbu ya juu ya MB 1 au kwenye hadi diski. GeoWrite inatumia fonti zinazokuzwa upendavyo, na fonti hizohizo ndizo zinazochorwa kwenye printa. Hapo ndipo sindano 9 zinapong'ara.

Ubaya wake: ukurasa unatumwa kama picha, si kama herufi. Ukichagua ubora wa juu, kichwa cha printa kinapita mstari uleule zaidi ya mara moja, na riboni inaliwa. Rasimu chapa kwa ubora wa chini.

GEM ni nyepesi kuliko zote na inafungua haraka, lakini ni programu moja kwa wakati mmoja. Pia baada ya Apple kulalamika, matoleo ya baadaye ya dawati lake yalibakiwa na madirisha mawili tu yasiyosogezwa. Ningeiweka kama una Ventura Publisher (programu ya kupanga kurasa), basi.

MB4_au_sifuri
Sipingi, ila msiifukuze Windows 3.1 moja kwa moja. Kwenye 286 inakwenda kwa standadi modi tu (unaiwasha kwa amri WIN /S), na MB 1 ndiyo kima cha chini: inawaka, ukifungua Write na fonti za TrueType diski inaanza kukoroma. Na kwenye 286 haina kumbukumbu pepe ya diski (diski kutumika kama RAM), hiyo ni ya prosesa ya 386. SMARTDRV (inayotumia RAM kuharakisha diski) usiipakie kabisa kwenye MB 1, itakula kile kidogo kilichobaki.

Ukipata SIMM 4 za MB 1, toa hizo za KB 256 uweke hizo. MB 4 zinabadilisha kila kitu. Ziwe za pini 30, na zipachikwe mbilimbili, kwa sababu 286 inasoma biti 16 na kila SIMM inatoa 8. Angalia chipu pia: SIMM isiyo na chipu ya pariti (ya kukagua makosa ya kumbukumbu) itasimamisha mashine kwa kosa la pariti, isipokuwa mazabodi (bodi kuu) inaruhusu kuzima ukaguzi huo.

fundi_chumbageni
Kweli, lakini kaomba asitoe hela 😀

mwana_ngamiani
Asanteni. GeoWorks basi. Ila amri ya MEM inaonyesha KB 640 peke yake, zile KB 384 zilizobaki za MB 1 sizioni. Na mausi niliyonayo ni ya PS/2 yenye kigeuzi cha kwenda siriali.

raskazone_vga
Zile 384 huenda zimechukuliwa na shado RAM (nakala ya BIOS inayowekwa kwenye RAM). Ingia setapu ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) uzime shado. Mazabodi nyingi zitazihamishia juu ya MB 1, chache haziwezi. Kisha kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, andika hivi (HIMEM ndiyo inayofungua kumbukumbu ya juu ya MB 1):

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH

HIMEM ikilalamikia laini ya A20 (njia ya kufikia kumbukumbu hiyo ya juu), jaribu /MACHINE:1 mwisho wa mstari wa kwanza. EMM386, msimamizi mwingine wa kumbukumbu, usiiguse, hiyo inataka 386.

Mausi: kigeuzi hicho ni nyaya tupu, hakitafsiri chochote. Kinafaa tu kama mausi yenyewe inajua lugha ya siriali. Tafuta ya siriali halisi, ichomeke COM1, na hakikisha hakuna kadi nyingine iliyowekwa COM3, maana zote mbili hutumia IRQ 4 (laini moja ya kuiita prosesa) na kishale kitaganda.

Kabla ya yote hayo fungua kasha. Kama kuna betri ya pipa ya volti 3.6 iliyolehemewa (inayotunza mipangilio ya setapu), ikate leo. Ikivuja inakula njia za shaba, na unyevu wetu wa pwani unaiharakishia kazi. Penye ukungu wa kijani pakaa siki kidogo, futa kwa maji safi, malizia kwa spiriti, acha pakauke. Badala yake weka betri 3 za AA kupitia dayodi ya 1N4148, upande wenye mstari uelekee mazabodi. Bila dayodi, mazabodi itajaribu kuzichaji.

Ila andika kwanza silinda, vichwa na sekta za hadi diski zilizomo kwenye setapu. Ukikata betri vinafutika.