Kima punju na papa mdogo: nani apewe kinga kwanza?

Mikoko: Kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, ana msitu wa Jozani, Hifadhi ya Taifa tangu 2004, na barabarani kawekewa matuta asigongwe. Papa mdogo, yule mwenye pua ndefu asiyefika mita mbili, ana nini? Ananaswa kwenye jarife pamoja na vitoto vyake. Pesa za ulinzi sasa ziende baharini.

Mkungu: Kima huyo yuko Unguja tu, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba. Waliohesabiwa ni kama elfu sita hivi, na jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kama miwili. Papa wako yuko kuanzia Afrika Magharibi mpaka Japani. Halafu nani atalipa kiingilio kumtazama samaki anayenuka mkojo?

Jarife: Anayenuka ni wa muuzaji mvivu! Mwili wa papa una yurea, kemikali iliyomo pia kwenye mkojo, ndiyo inayomwezesha kukaa kwenye maji ya chumvi. Akiachwa juani, bakteria huigeuza amonia, ndiyo inayonuka. Akitoka majini tu, mkate damu imwagike, toa matumbo, mtie barafu. Jikoni loweka vipande kwenye maji baridi yenye siki nusu saa, mwaga, rudia.

Bibi Tui: Siki ya nini? Ndimu inatosha, ila usimlaze nayo usiku kucha, nyama hupauka na kumeguka. Mchemshe na tangawizi, mwaga maji, mchambue. Tui zito mwisho, moto mdogo, mkono usiache kukoroga, maana likitokota kwa nguvu linakatika.

Mikoko: Jamani, swali! Papa huyo hubeba mimba karibu mwaka mzima, azae wawili hadi watano. Si dagaa.

Mkungu: Kwa hiyo mnamlinda mpate cha kutia tui?

Jarife: Na wewe unamlinda mla vidaka vya minazi ya watu.

Mkungu: Vidaka vingi mnazi huvipukutisha wenyewe. Utafiti wa miaka ya tisini haukuona mavuno yakipungua pale kima wanapokula sana. Wizi wake ni wa mkaa, anautafuna kupoza sumu ya majani ya mwembe na mkungu.

Bibi Tui: Sawa. Na papa mkavu, siki pia?

Jarife: Mkavu maji matupu, usiku mzima, ubadilishe mara tatu. Na chumvi usiguse mpaka uonje mchuzi.