Gumzo la ukoo: Noah inaondoka, tunatafuta gari la kula mafuta kidogo

Kikundi: UKOO WA BIBI, SENGEREMA NA MWANZA
Jumamosi

[19:08] Masanja: Shikamooni wakubwa. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Gari letu, Toyota Noah, nimelipatia mteja, analichukua mwisho wa mwezi. Kutoka Kisesa kwenda kazini na kurudi, kushusha watoto, mizunguko ya Mama Neema, kwa siku tunafika kilomita 50. Siku 26 ni 1,300. Noah inanipa kilomita 8 kwa lita. Yaani lita 162 kila mwezi. Tuseme lita ni 3,000, hiyo ni kama 487,000. Mshahara unaishia sheli.

[19:10] Shangazi Kulwa: Marahaba mwanangu. Pole jamani. Hiyo si ndiyo ada ya Neema?

[19:12] Doto: Kaka chukua Toyota Aqua. Huku Dar zimejaa. Ilipotoka 2011 Wajapani waliiandikia kilomita 35.4 kwa lita. Ni haibridi, yaani ina injini ya petroli na mota ya umeme, kwenye foleni injini inajizima yenyewe.

[19:14] Masanja: 35.4! Si nitatumia lita 37 tu mwezi mzima?

[19:23] Ba'mdogo Igoma: Marahaba Masanja. Nilikuwa chini ya gari la mtu, imebidi ninawe mikono kwanza. Hiyo namba si uongo, lakini wameipima gari likiwa juu ya roli zinazozunguka ndani ya maabara. Hakuna tuta, hakuna mlima, AC imezimwa, hakuna mama na magunia. Usinunue gari kwa namba hiyo.

[19:24] Ba'mdogo Igoma: Doto hajakosea, haibridi mjini inabana mafuta kweli. Ila betri yake kubwa iko chini ya siti ya nyuma, na pembeni ya siti kuna kitundu kinachovuta hewa ya kuipoza. Wiki hii nimefungua moja ya mteja anayeishi barabara ya vumbi. Kwenye feni nimekuta vumbi, nywele na maganda ya karanga vimeshikana kama kipande cha blanketi. Betri ilikuwa inachemka mwenye gari hana habari.

[19:25] Ba'mdogo Igoma: [Picha]

[19:27] Mama Neema: Mungu wangu. Na kwetu vumbi la kiangazi lilivyo, na hawa watoto na karanga zao

[19:28] Ba'mdogo Igoma: Kwa anayesafisha mara kwa mara haina shida. Nakujua mume wako lakini. Oili yenyewe mpaka nimpigie simu.

[19:30] Masanja: Kweli ba'mdogo, hapo sikatai. Aqua naiacha. Vipi Toyota Vitz ya cc 1000? Nimeingia kwenye kikokotoo cha TRA, wale wa kodi, gari ambalo ukubwa wa injini hauzidi cc 1000 halilipi ushuru wa bidhaa. Likizidi hapo mpaka 2000 ni asilimia 5. Vitz hiyo injini yake ni cc 996.

[19:36] Ba'mdogo Igoma: Umefanya vizuri kuanzia huko. Angalia na mwaka. Gari lililopita miaka 10 linabebeshwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, la miaka 8 mpaka 10 asilimia 15. Watu wanaona la 2008 bei ya Japani rahisi, wanashangilia, kodi ikija wanakuta wangeongeza kidogo tu wangechukua jipya zaidi. Kokotoa mpaka mwisho ndipo ulinganishe.

[19:38] Ba'mdogo Igoma: Sasa hiyo cc 996. Silinda 3, imara, spea zimejaa hapa mjini. Mimi mwenyewe niliipima ya mteja. Nilijaza tanki mpaka pampu ikakata, nikarudisha kihesabu cha kilomita kwenye sifuri, nikazunguka nayo siku tatu, nikarudi sheli ileile, pampu ileile, nikajaza mpaka ikakata tena. Kilomita 246, lita 16.4. Gawanya.

[19:39] Doto: 15 kamili

[19:40] Masanja: Kwa 15 natumia lita 87 kwa mwezi, kama 260,000. Naokoa zaidi ya laki mbili kila mwezi. Imeshanitosha hiyo.

[19:42] Ba'mdogo Igoma: Subiri. Nilikuwa peke yangu. Mkae watano, AC inawaka, mpande kwenda Bugando, utakanyaga mafuta mpaka chini na gari linalia tu. Injini ndogo ukiikamua kila siku nayo inakula. Wewe una watoto watatu.

[19:45] Shangazi Kulwa: Na Bibi msimsahau. Kliniki yake ni kila mwezi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni mwaka 2025 hatuna tena sababu ya kumpandisha basi. Zile kilomita 3 za juu ya maji unavuka hata hujamaliza kusimulia jambo. Enzi za kivuko tulikuwa tunashinda na jua pale Kigongo. Namtaka mama yangu ndani ya gari la mjukuu wake, akae vizuri, na michembe yake nyuma.

[19:47] Mama Neema: Ndiyo maana mimi nilikuwa naitaka Honda Fit 🙏 Tanki lake la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo kikalio cha siti ya nyuma unakinyanyua juu, gunia linasimama wima.

[19:49] Shangazi Kulwa: Fit ni nzuri mama, ila sikilizeni yaliyompata mwanangu. Alipeleka kwa fundi kubadilisha oili ya gia, akawekewa ya kawaida. Baada ya mwezi gari likawa likiondoka linatetemeka kama lina homa. Gia boksi nzima ikabadilishwa. Aliuza kiwanja cha Usagara.

[19:50] Masanja: Kumbe kile kiwanja kilienda hivyo. Pole sana shangazi

[19:53] Ba'mdogo Igoma: Inaniuma sana hiyo, kwa sababu kopo la oili sahihi lingemaliza kila kitu. Gia za CVT, zile otomatiki za mkanda zisizo na hatua, zina oili yake, na Honda ana yake. Vitz nyingi nazo ni CVT, msidhani ni Fit peke yake. Oili ya gia nunua mwenyewe, simama hapo inapomiminwa.

[19:55] Masanja: Basi niambie ba'mdogo, ungekuwa mimi?

[20:02] Ba'mdogo Igoma: Vitz ya cc 1300, silinda 4. Hiyo asilimia 5 lipa. Kwa mzigo wako na milima yetu itakupa 13 au 14 bila kuikamua. Ukiagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani uisome. Ukiona R kwenye gredi, ile alama ya hali ya gari, ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa.

[20:04] Masanja: Kuna ya mkononi hapa Nyegezi, namba E, cc 1300. Mwenyewe anasema inatembea 20 kwa lita.

[20:05] Ba'mdogo Igoma: Tutaijua. Mwambie kesho saa 2 asubuhi asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuisikia ikiamka ya baridi. Mafuta utaweka wewe, tunaipima mpaka Kigongo na kurudi.

[20:07] Mama Neema: Na watoto waje, tujae wote

[20:08] Shangazi Kulwa: Nimeongea na Bibi sasa hivi kwenye simu. Anauliza mlango wa nyuma unafunguka mpaka wapi, maana goti la kushoto halikunji.

[20:09] Masanja: Mwambie nitaupima kwa futi kamba, nimpigie kesho mwenyewe.