Kutoka Pemba hadi Toronto: masafa na saa halisi za safari

Mchakechake
Assalaam aleikum. Mama yangu mzazi, ambaye umri umekwenda na magoti yanamsumbua, anatarajia kusafiri kutoka Pemba kwenda Toronto, Kanada, kumuona mjukuu wake. Tovuti moja inaeleza kuwa kutoka Unguja hadi Toronto ni kilomita 12,780 hivi na kwamba safari huchukua saa 14, ilhali tiketi zote anazonionesha wakala zinapindukia saa 20. Tofauti hii inatokana na nini, na njia ipi itakuwa na unafuu kwake?

Mkaazi wa Malindi
Wa aleikum salaam. Masafa hayo ni sahihi, lakini ni ya mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, unaoelekea kaskazini magharibi na kukata Sahara kabla ya kuingia Atlantiki. Saa 14 zimepatikana kwa kuyagawa kwa mwendo wa ndege, yaani kama kilomita 900 kwa saa, na hakuna ndege ya abiria inayokwenda moja kwa moja. Ukipitia Addis Ababa jumla huwa kama kilomita 13,200, Istanbul 13,550, na Doha 14,600. Kwa hivyo mzunguko hauongezi mengi. Kinachokula muda ni kuisubiri ndege ya pili. Isitoshe, pepo za juu za Atlantiki huvuma kutoka magharibi, hivyo kurudi huwa kwepesi kuliko kwenda.

Abu Nassor
Nakubaliana na ndugu yangu, ila ufupi wa njia ya Addis usikushawishi peke yake. Uwanja ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na ndege iliyobeba abiria pamoja na mafuta ya kufika Kanada huwa nzito mno kuruka hapo. Ndiyo maana safari za kwenda Amerika Kaskazini kwa kawaida hutua njiani kujaza mafuta, jambo linalorefusha muda wa kukaa kitini. Kwa mtu wa magoti, hilo ni zito.

Bi Wete
Mwanangu, usisahau kipande cha Pemba. Ndege ndogo ya Chake Chake hufika Unguja kwa takriban nusu saa, lakini mara nyingi hairuhusu zaidi ya kilo 15 za mzigo, na ikichelewa, ile kubwa haitamngoja. Mama avuke siku moja kabla, na masanduku yatangulie kwa boti ya Mkoani.

Soma saa za tiketi kwa makini. Ikiandikwa 02:30 Jumatatu, hiyo ni saa nane u nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, basi Jumapili baada ya Isha awe yuko njiani kwenda Kisauni, kwenye uwanja wa ndege wa Unguja. Toronto iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto: akiondoka 02:30 na kufika 16:30 siku hiyo hiyo wakati wa baridi, karatasi inaonesha saa 14, kumbe ni 22.

Mchakechake
Ahsanteni sana. Nitamwambia wakala atafute ya Istanbul yenye kusubiri saa 3 hadi 5, na ombi la kiti cha magurudumu liandikwe kwenye tiketi kabla sijalipa.