Mrejesho: kile kichwa na sikio linalovuma

Asalaam alaykum. Nilikuulizeni kuhusu kichwa kinachonipwita kila alfajiri, sikio kuvuma kwa kufuata mapigo ya moyo, na macho kuingia giza sekunde chache nikiinama kufagia uwanja. Wengi mlisema presha, wengine mashetani. Presha ni kweli, ila si ya damu: ni ya maji yanayozunguka ubongo.

Aliyeligundua ni daktari wa macho hapa Chake Chake, kwa kumulika tu. Neva za macho zimevimba, zote mbili. Nikavuka Unguja. Picha ya kichwa ya MRI haikuonesha uvimbe ubongoni wala damu iliyoganda kwenye mishipa, ndipo nikalazwa ubavu, magoti kifuani, nikachomwa sindano ya mgongo kupima presha ya maji hayo. Maji yakapanda kwenye kijibomba mpaka sentimita 34. Kwa mtu mzima, yakipita 25 yamezidi. Sindano yenyewe inaogopwa bure, haikuuma kihivyo.

Natumia asetazolamaidi, dawa ya kupunguza maji hayo. Vidole vinachomachoma, soda ina ladha ya bati, jamani! Na nimeambiwa nipunguze mwili, maana ugonjwa huu huwapenda zaidi wanawake wanene wa umri wa kuzaa. Urojo nimeuacha shingo upande. Mwezi ujao napimwa tena uoni wa pembeni.