Naomba ushauri: niingize iPadOS 26 au nibaki na ya zamani?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbeya mjini, nafundisha tuisheni ya kidato cha nne jioni. Nina iPad kizazi cha 8, ile ya mwaka 2020, yenye GB 32 na RAM ya GB 3. Apdeti ya iPadOS 26, mfumo unaoendesha iPad, inanisubiri, nami naogopa kuigusa.

Kinachonitatiza ni maoni. Mwalimu mwenzangu wa Tukuyu anaisifia sana: madirisha unayavuta na kuyapanga utakavyo kama kwenye kompyuta. Kaka yangu aliye Makambako hataki hata kuisikia. Ule muonekano wa kioo unamchosha macho, na Split View aliyoizoea (programu mbili kugawana skrini) iliondolewa. Slide Over (dirisha dogo linaloelea juu ya programu nyingine) nayo iliondolewa Septemba 2025, ikarudi kwenye toleo la 26.1.

Mimi kazi yangu yote ni kuweka notisi upande mmoja na maswali ya NECTA upande wa pili, watoto wakiwa wamezunguka meza. Nikipoteza utulivu huo nimepoteza kipindi, na wazazi wamelipa. Kurudi nyuma pia hakuna, maana Apple ikishafunga toleo la zamani huwezi kulirudisha.

Mwenye iPad ya kizazi hiki hiki aliyeshaiweka, naomba aniambie: madirisha mawili yanakwenda bila kukwama? Chaji inafika jioni? Na nafasi ulibakiwa na kiasi gani? Wenye iPad Pro mnisamehe, zenu zina nguvu nyingine.