Trevor Noah kaanza Daily Show, nyie mmemuonaje?

DadaNjiro
Habari zenu wadau. Nani kaiona shoo ya kwanza ya Trevor Noah kwenye Daily Show, kile kipindi cha Marekani cha kuchekesha kuhusu habari na siasa, ile ya Jumatatu tarehe 28 Septemba 2015? Kule New York inaruka saa tano usiku ambayo huku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumanne, mimi nimeiona jana jioni kwa kaka yangu maana bando langu lilikata katikati, nimerudia mara mbili na bado sijajua niseme nini. Kwa wasiofuatilia ni kwamba Jon Stewart kakaa kwenye kile kiti toka Januari 1999 mpaka Agosti 6 mwaka huu alipoaga, halafu analetwa kijana wa miaka 31 kutoka Johannesburg ambaye watazamaji wa pale walikuwa wamemuona mara chache tu toka Desemba, na alivyotangazwa mwezi wa tatu watu wakaanza kufukua twiti zake za zamani hata hajakaa.

Mimi naona kajitahidi ila mwanzoni alikuwa kama mtu aliyevaa suti ya kuazima, anaogopa kuichafua. Nauliza kwa sababu na mimi nina langu. Jumatatu ijayo naanza kipindi cha usiku kwenye redio moja hapa Arusha, nachukua nafasi ya kaka ambaye wasikilizaji wamemzoea miaka tisa, na meseji zimeshaanza kuingia kabla sijafungua mdomo, "mrudisheni fulani", "huyo binti ndo nani". Sasa niambieni ukweli, usiku wa kwanza mnamwangalia nini mtu?

ChaliiWaSakina
Dada mimi nimecheka toka mwanzo. Pale aliposema amekulia kwenye mitaa ya vumbi hakuwahi kuota atapata vitu viwili, choo cha ndani na kazi hii, na sasa anavyo vyote ila kimoja tu ndo ameshakizoea, aisee. Nyumbani kwetu choo kiko nyuma ya migomba usiku unaenda na tochi, kwa hiyo mimi kile kitu sijahadithiwa. Na akasema kazi Wamarekani wameikataa sasa inafanywa na mhamiaji, hapo hapo mbele yao, huyo sio mtu mwoga. Alafu Roy Wood Jr. nae, mchekeshaji mwenzie wa kipindi, siku hiyohiyo NASA, shirika la anga la Marekani, wametangaza habari ya maji kwenye sayari ya Mars, anaulizwa kuhusu kwenda huko anajibu mtu mweusi teksi tu hasimamishiwi, chombo cha kwenda Mars atakipandia wapi. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika

KiboKaskazini
Mimi sijaridhika na sitaki kudanganya. Utani wa mwanzo sawa, ila alivyokuja mgeni wake Kevin Hart mambo yakalala kabisa. Wachekeshaji wawili wamekaa kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuchekesha, hakuna anayemsikiliza mwenzie, dakika zikaisha sijajua kitu kipya hata kimoja kuhusu mgeni. Stewart alikuwa anauliza swali halafu ananyamaza mpaka mgeni anajikuta anaongea. Hata hapa kwetu mwangalieni Salama Jabir kwenye kipindi chake cha TV cha Mkasi, mtu amekaa pale saluni utadhani anapiga stori na rafiki yake kumbe anaulizwa maswali mazito. Dada ukitaka ushauri wangu ni huo, sikiliza. Kuongea hata kasuku anaongea.

MzeeWaRau
Wanangu, mwaka 1993 nilikuwa masomoni Boston. Letterman, mtangazaji wa kipindi cha usiku cha televisheni ya NBC, alikuwa amehamia kwa wapinzani wao CBS, basi NBC wakamweka Conan O'Brien, kijana mrefu aliyekuwa mwandishi tu, hajulikani na mtu. Alianza Septemba 13, jasho linamtoka, mikono haijui ikae wapi. Magazeti yalimchana vibaya sana na kuna kipindi mkataba wake ulikuwa unaongezwa kwa wiki chache chache, mtu halali anawaza kesho. Akakaa pale mpaka 2009! Na sisi wanafunzi tuliomcheka ndio tuliokuwa tunakesha kumwangalia mwaka wa tatu wake. Binti usisome hizo meseji wiki ya kwanza, mpe mtu mwingine akusomee.

SowetoMoshi
Mimi nimebaki kwenye sentensi moja tu, pale alipomtaja Jon, akasema alikuwa kama baba yao wa siasa, sasa baba kaondoka na familia imepata baba wa kambo, tena mweusi. Watu wakacheka mimi nikanyamaza. Nimelelewa na baba wa kambo. Alikuja nikiwa darasa la nne na siku ya kwanza tu akakaa kwenye kiti cha marehemu baba, hakujua, na hakuna aliyemwambia, mdogo wangu akaangua kilio akatoka nje. Yule mzee hakuuliza, alielewa mwenyewe, toka siku ile akawa anakalia kigoda, anatusaidia hesabu amekaa kwenye kigoda, na hakuwahi kutuambia tumwite baba. Ilipita kama mwaka hivi, siku hiyo kanyeshewa na mvua ametoka shamba, mdogo wangu ndo akamvutia kile kiti.

Ndo maana nasema Trevor kapatia. Hakujifanya kiti hakikuwa na mwenyewe, kamtaja, kamshukuru, akaahidi ataendeleza vita yake dhidi ya upuuzi, akaanza kazi. Intavyuu atajifunza.

DadaNjiro
@SowetoMoshi pole na asante, nimesoma hii niko kwenye daladala nikabidi niangalie dirishani. Mimi nilikuwa nimepanga nisimtaje kabisa yule kaka, nilifikiri nikimtaja ndo nawakumbusha watu kwamba mimi sio yeye. Na wimbo wake wa kufungulia kipindi tulishautoa. Leo nimeongea na prodyuza, urudi wiki yote ya kwanza, nitataja jina lake kabla ya langu. @KiboKaskazini nimekuelewa, mgeni wangu wa kwanza ni mama anayeuza ndizi soko la Kilombero hapa mjini, nimeandika maswali ishirini nimeyapunguza yamebaki matano. Mzee shikamoo, simu ya meseji nimemuachia fundi mitambo. Ni saa tatu usiku Jumatatu.

MzeeWaRau
Marahaba. Redio yangu nikiiweka dirishani Arusha inakamata vizuri tu. Nitakuwepo.